Kitindamlo cha Biskuti na Kastadi: Kitamu Bila Oveni, Salama Bila Friji

Nyumba nyingi za Kabiro, Kawangware na Kibera hazina oveni, na nyingi hazina friji pia. Keki ya siku ya kuzaliwa hununuliwa pesa zikipatikana, au huahirishwa hadi mwaka ujao. Kuna kitindamlo, hata hivyo, kinachotengenezwa kwa sufuria moja, mwiko mmoja na mtungi wa gesi wa kilo 6: biskuti zilizopangwa kwa tabaka pamoja na kastadi na ndizi. Hakiokwi. Watoto hukipenda, na viungo vyake vyote hupatikana katika maduka ya mtaani.

Tatizo la kitindamlo hiki halipo kwenye upishi wake. Maelezo mengi ya kukitengeneza humalizika kwa agizo la kukiweka kwenye friji usiku kucha. Asiye na friji anayefuata maelezo hayo nusu nusu, akakiacha mezani hadi asubuhi, anawaandalia watoto wake maumivu ya tumbo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukiandaa kwa namna inayofaa nyumba isiyo na friji, na mambo ambayo anayetaka kukiuza anapaswa kuyajua.

Kastadi ni nini hasa

Unga wa kastadi unaouzwa madukani ni wanga laini wa mahindi uliotiwa rangi ya manjano na harufu ya vanila. Hauna mayai. Ulibuniwa mwaka 1837 huko Birmingham, Uingereza, na mkemia Alfred Bird, ambaye mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Kabla ya hapo kastadi ilikuwa mchanganyiko wa maziwa na mayai, wenye kuhitaji moto mdogo na uangalizi mkubwa. Wanga wa Bird ulirahisisha kazi hiyo.

Mpishi asichanganye wanga huo na unga wa ugali. Unga wa ugali husagwa kutokana na punje ya mahindi, na ukitiwa kwenye maziwa hutoa uji. Wanga wa mahindi hutolewa sehemu ya ndani ya punje pekee, na ndiyo maana kastadi huwa laini na yenye kung'aa.

Wanga unapokuwa kwenye maziwa baridi, chembechembe zake huelea tu bila kubadilika. Maziwa yanapopata moto wa kutosha, chembechembe hizo hunywa maji, huvimba na kusongamana. Hapo ndipo kastadi huanza kuwa nzito. Ikipoa huwa nzito zaidi, kwa hiyo kastadi inayoonekana nyepesi kidogo jikoni haihitaji kuongezwa unga.

Biskuti nayo ni kavu sana. Ikigusana na kastadi hufyonza unyevu na kulainika mpaka ikawa kama keki. Hiyo ndiyo siri ya kitindamlo hiki kutohitaji oveni: biskuti ilikwishaokwa kiwandani, na kinachobaki nyumbani ni kuilainisha.

Viungo vya vikombe sita

Kiasi kifuatacho hutosha watu sita na kimepangwa kuliwa mara moja bila kubakiza.

Maziwa nusu lita, yaani pakiti moja ya kawaida.
Unga wa kastadi, vijiko 3 vya mezani.
Sukari, vijiko 2 vya mezani.
Biskuti za kawaida zisizo na krimu, gramu 200.
Ndizi mbivu 2.
Maji ya nusu limau.
Karanga zilizokaangwa, kiasi cha kunyunyiza juu, kwa anayependa.
Chai ya rangi iliyopoa, kikombe kimoja, ya kuchovyea biskuti.

Msimu wa maembe unapofika, embe linaweza kuchukua nafasi ya ndizi. Paipai na pasheni pia hufaa. Tunda lolote lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani.

Maziwa mabichi yanayopimwa kwa kibuyu au mashine lazima yachemshwe kwanza. Asiye na friji anaweza pia kutumia maziwa ya unga au yale ya pakiti yanayodumu muda mrefu, lakini pakiti ikishafunguliwa maziwa yake hayana tofauti na mengine: yatumike mara moja. Anayenunua biskuti aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS. Biskuti zilizopakuliwa na kuuzwa kwa kupimwa huenda hazina tarehe yoyote, na mnunuzi hana namna ya kujua zimekaa dukani siku ngapi.

Jinsi ya kuandaa

Kazi huanza na mikono. Inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni maji ya jerikeni yanayomiminwa na mtoto. Vikombe, vijiko, bakuli na meza visafishwe pia. Maji ya kuchemshia chai ya kuchovyea yawe yamechemka kweli kweli.

Kwanza, unga wa kastadi na sukari hutiwa kwenye bakuli pamoja na vijiko 5 vya maziwa baridi. Mchanganyiko hukorogwa mpaka usiwe na donge hata moja. Unga ukitiwa moja kwa moja kwenye maziwa ya moto, nje ya donge huiva na ndani hubaki mkavu, na hakuna kukoroga kutakakoliyeyusha.

Pili, maziwa yaliyobaki huchemshwa. Yanapoanza kupanda, moto hupunguzwa, kisha mchanganyiko wa kastadi humiminwa polepole huku mwiko ukikoroga bila kusimama. Kastadi ikianza kutokota, iachwe itokote kwa dakika 2 zaidi huku ikikorogwa. Dakika hizo huivisha wanga na kuondoa ladha ya unga mbichi. Anayetumia jiko la makaa alipikie nje au karibu na mlango uliofunguliwa, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi.

Tatu, kastadi hupozwa haraka. Sufuria huwekwa ndani ya besheni yenye maji baridi, maji yakifika nusu ya kimo cha sufuria ili yasiingie ndani. Kastadi hukorogwa kila baada ya muda mfupi na maji ya besheni hubadilishwa yakipata joto. Kukoroga huzuia utando kufanyika juu. Katika nusu saa hivi kastadi huwa ya uvuguvugu. Hapo ndipo inapofaa kutumika: ikiwa moto sana biskuti huvurugika, na ikipoa kabisa huganda na kukataa kutandazwa.

Nne, ndizi hukatwa vipande vyembamba na kunyunyiziwa maji ya limau ili zisigeuke rangi.

Tano, tabaka hupangwa. Kila biskuti huchovywa kwenye chai na kutolewa mara moja, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Ikikaa zaidi hukatika. Biskuti huwekwa chini ya kikombe, hufuatwa na kastadi, kisha ndizi, halafu biskuti tena, na kastadi huwa ya mwisho. Karanga zilizopondwa au vumbi la biskuti iliyovunjwa hunyunyizwa juu.

Vikombe vidogo ni bora kuliko bakuli moja kubwa. Chakula kilicho kidogo hupoa upesi, biskuti zilizochovywa hulainika kwa nusu saa badala ya usiku mzima, na kila mtu hula kwa kijiko chake bila kurudisha kijiko kilichotoka mdomoni kwenye chakula cha wengine. Vikombe hufunikwa kwa sahani safi dhidi ya nzi na vumbi mpaka wakati wa kula.

Sheria ya saa mbili

Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Joto la chumba cha kawaida Nairobi liko katikati ya eneo hilo. Kastadi ina maziwa, sukari na unyevu, na vijidudu hustawi humo vizuri.

Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa kastadi ilichemka, basi imekuwa salama kwa siku nzima. Sivyo. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini vipo vinavyojenga ganda gumu linalostahimili moto, na chakula kikipoa huamka na kuzaliana. Vingine hutoka kwenye mikono, puani au kwenye kidonda cha kidole cha mwandaaji baada ya chakula kuiva. Baadhi ya vijidudu hivi huacha sumu isiyoondoka hata chakula kikipashwa moto tena. Harufu na ladha haviwezi kutegemewa: chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikadhuru.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kwa kitindamlo hiki, saa hizo huanza kuhesabiwa kastadi inapotolewa motoni, wala si vikombe vinapofika mezani.

Mfano ni huu. Sherehe ya mtoto ni saa tisa alasiri. Mpishi anawasha jiko saa saba na nusu, na kastadi inatoka motoni saa nane kasoro dakika kumi. Saa nane na dakika ishirini imekuwa ya uvuguvugu. Saa nane na nusu tabaka zimekwisha kupangwa. Saa tisa biskuti zimelainika na watoto wanakula. Kufikia saa kumi kasoro dakika kumi vikombe vyote viwe vitupu, na kilichobaki kitupwe. Kutupa kikombe kimoja huuma, lakini gharama ya kumpeleka mtoto hospitalini huuma zaidi.

Mwenye friji ana nafasi kubwa zaidi. Anaweza kukiweka humo kikiwa kimefunikwa, na kukila ndani ya siku mbili. Hata hivyo stima ikipotea kwa saa nyingi, friji hugeuka kuwa kabati tu, na chakula kilichomo hakina ulinzi.

Nani awe mwangalifu

Kitindamlo hiki kina ngano na maziwa, na pengine karanga. Mwandaaji wa sherehe awaulize wazazi wa watoto waalikwa kama kuna anayedhurika na kimojawapo. Mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi kupewa chochote isipokuwa maziwa ya mama. Watoto wadogo hawafai kupewa karanga nzima kwa sababu zinaweza kuwapalia. Wenye kisukari wakumbuke kwamba sukari haipo kwenye vijiko viwili pekee. Biskuti na ndizi mbivu nazo zina yake.

Mtoto akianza kuhara au kutapika baada ya kula, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara, na anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakiingia ndani, akikosa mkojo, akiwa mlegevu, akitoa damu au akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kutoka jikoni hadi kibandani

Wako wanaoanza kwa kuwatengenezea watoto wao, kisha jirani akaomba viwili, na biashara ikazaliwa. Ni jambo la kutia moyo. Ila mara chakula kinapouzwa kwa umma, sheria nayo huingia.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ndizo msingi wa ukaguzi wa chakula nchini. Kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti, na vipimo hivyo hurudiwa kila baada ya miezi sita. Mahali pa kuuzia panahitaji kibali cha biashara na kutimiza masharti ya usafi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo muuzaji apange mapema namna ya kumfungashia mteja.

Kwa biashara, swali la ubaridi haliepukiki. Muuzaji asiye na friji asibebe vikombe arobaini asubuhi kwa matumaini kwamba vitakwisha jioni. Apike kidogo kwa oda, na amkabidhi mteja kwa wakati. Hesabu nayo ifanywe kwa uaminifu: gharama ya maziwa, kastadi, biskuti, matunda, gesi, maji na vikombe ijumlishwe, kisha igawanywe kwa idadi ya vikombe vilivyopatikana. Bei iliyo chini ya jibu hilo ni hasara, hata kama wateja wamepanga foleni.

Mwenye swali kuhusu cheti, kibali au usafi wa chakula anaweza kumwona mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, au kufika katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kujitetea baada ya mtu kuugua. Kinga ni bora kuliko tiba, na kitindamlo hiki kinahitaji kinga tatu tu: mikono safi, vikombe vidogo na jicho kwenye saa.