Swichi ya Siri: Elimu ya Umeme Isiyopaswa Kuishia Ubaoni

Mwenye pikapu katika mtaa kama Mountain View, kandokando ya barabara ya Waiyaki jijini Nairobi, aghalabu hana gari la fahari. Ana shamba lenye magurudumu. Pikapu hiyo ndiyo inayobeba viazi na sukumawiki alfajiri kuelekea soko la Kangemi, ndiyo inayosafirisha saruji na mabati mchana, na ndiyo inayolipa karo muhula unapofunguliwa. Ikiibwa usiku, kinachopotea si chuma na mipira tu, bali ni kazi ya mzazi na pengine masomo ya mwana. Aidha, wengi wa wamiliki wa magari makuukuu hulipia bima ile tu ambayo sheria inawalazimisha kuwa nayo, yaani ya kuwafidia watu wengine wanaoumizwa barabarani. Bima hiyo haimrudishii mwenye gari lililoibwa hata senti moja.

Ni kweli kwamba sheria ipo. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa mwizi wa gari. Lakini adhabu humfika aliyekamatwa, tena baada ya hasara kutokea. Wahenga walituusia tahadhari kabla ya hatari, na swali ninalotaka kulijadili leo ni hili: je, mwananchi wa kipato cha kawaida anaweza kujikinga mwenyewe bila kuingia gharama asiyoimudu? Jibu langu ni kwamba anaweza, na kwamba maarifa anayoyahitaji yamo katika kitabu cha fizikia cha shule ya sekondari.

Tutazame kwanza walivyofanya wenzetu. Kuanzia Oktoba 1998, nchi za Umoja wa Ulaya zilitaka kila gari jipya dogo liwe na kifaa cha kielektroniki kinachozuia injini kuwaka pasipo ufunguo wake halisi. Wachunguzi Jan van Ours na Ben Vollaard walipopima matokeo ya sheria hiyo nchini Uholanzi, walikuta kwamba wizi wa magari ulipungua kwa kiwango kikubwa, hata walipowahesabu wezi waliogeukia magari yasiyo na kifaa hicho. Katika maneno hayo ya mwisho mna funzo kwetu. Mwizi akishindwa na gari jipya, humwendea yule mwenye gari kuukuu. Pikapu nyingi zinazotuhudumia ni za aina hiyo: ufunguo wake hauna siri yoyote isipokuwa meno yake ya chuma, na kazi ya swichi ya ufunguo ni kuunganisha nyaya chache tu. Ajuaye nyaya hizo ni zipi hahitaji ufunguo.

Dawa yake ni kuongeza mahali pengine ambapo mkondo wa umeme umekatika, mahali ambapo mwenye gari peke yake anapajua. Hapa ndipo tunapokutana na rilei. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya uliopitisha umeme. Kutokana na ugunduzi huo ikapatikana sumaku ya umeme, na kutokana na sumaku hiyo ikapatikana rilei: kijisanduku ambamo mkondo mdogo huvuta kipande cha chuma ili kufungua njia ya mkondo mkubwa. Kengele ya umeme ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huichora katika daftari lake hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Vifaa ni vichache: rilei ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 30 au 40, swichi ndogo, fyuzi, waya wa unene unaofaa, na utepe wa kuhami. Vyote hupatikana katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, ile ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, na bei yake kwa jumla haifiki ya robo tangi ya mafuta.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua waya hasi wa betri. Kisha utafutwe waya mwembamba utokao kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye stata. Usichanganywe na ule mnene utokao moja kwa moja kwenye betri, ambao haupaswi kuguswa. Waya huo mwembamba hukatwa, na ncha zake mbili huunganishwa na miguu ya rilei yenye nambari 30 na 87. Mguu wa 85 huunganishwa na bodi ya gari. Mguu wa 86 hupata umeme kutoka waya unaoamka pale tu ufunguo unapozungushwa, ukipitia kwanza kwenye fyuzi ndogo, kisha kwenye swichi ya siri. Kwa mpango huo, gari likiegeshwa rilei hailambi betri hata kidogo. Mwizi akizungusha ufunguo wa bandia, au akiunganisha nyaya za ufunguo chini ya usukani, taa za dashibodi zitawaka lakini stata itanyamaza kimya.

Viungo vya nyaya vilehemiwe au vibanwe barabara, kisha vihamiwe. Waya unaopita katika tundu la chuma uvishwe mpira usije ukachubuka na kuleta moto. Asiyekuwa na uhakika na waya aliouona aupime kwa taa ya kupimia, asibahatishe. Mwenye gari la kisasa lenye kompyuta na mifuko ya hewa asithubutu kukata chochote bila mtaalamu, kwani mafunzo haya yanahusu magari ya kale yenye umeme sahili.

Wapo watakaouliza mbona tusikate umeme wa koili au, kwa injini ya dizeli, wa solenoidi inayofungua mafuta, kwa kuwa pikapu ya gia za mkono huweza kuwashwa kwa kusukumwa. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, kiungo kilicholegea katika njia ya stata kitakuzuia kuondoka nyumbani, ilhali kiungo kilicholegea katika njia ya koili au ya mafuta kinaweza kuizima injini ukiwa katikati ya barabara ya Waiyaki, lori likikufuata nyuma. Kwa anayejifunza, njia ya stata ndiyo salama zaidi. Upungufu wake na uzibwe kwa chuma cha kufungia usukani na kwa kufuli ya boneti, maana mwizi anayefungua boneti huweza kuigusa stata yenyewe. Hakuna kinga isiyoshindwa. Kazi ya kinga ni kumpotezea mwizi muda, na muda ndicho kitu asichokuwa nacho.

Kuna sababu nyingine ya kuifanya kazi hii kwa mkono wako. Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Swichi iliyofichwa na fundi usiyemfahamu inajulikana na fundi huyo, na na kila aliyekuwa akimtazama. Lakini siri isipitilize mipaka. Mtu mmoja unayemwamini nyumbani sharti aijue, kwani usiku mtoto akishikwa na homa kali, pikapu isiyowaka ni msiba mwingine.

Sasa nafika kwenye jambo zito kuliko yote. Katika miaka ya 1990 wakaazi wa Nairobi walizoea habari za magari kunyang'anywa kwa mtutu wa bunduki, na baadhi ya watu wakaanza kutamani mitego: gari lizimike ghafla mara tu mnyang'anyi aliondoapo. Nasema bila kusitasita kwamba mtego wa aina hiyo ni hatari kwa mwenye gari kuliko kwa mnyang'anyi. Mara nyingi majambazi huondoka na dereva, na gari likizimika hatua mia mbili mbele, atakayeulizwa sababu ni yeye. Swichi ya siri ni mlinzi wa gari lililoegeshwa. Ukikabiliwa na silaha, toa ufunguo, na ukiulizwa juu ya swichi, sema ilipo. Pikapu hununuliwa tena. Roho haiuzwi dukani.

Upo pia upande wa mwizi mwenyewe, ambao hatupendi kuuzungumzia. Sote tunajua linalomfika kijana akishikwa mtaani na umati wenye hasira kabla polisi hawajawasili: mawe, na mpira wa gari uliowashwa moto. Anayezuia wizi usitokee huzuia pia mauaji hayo, ambayo ni aibu yetu sote. Kijana aliyeshindwa kuiwasha pikapu akaenda zake bado ana kesho ya kujirekebisha.

Nawageukia walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulikusudiwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unarudia ahadi hiyo hiyo kwa maneno mapya. Ahadi haitimizwi na jina la mtaala. Hutimizwa pale mwalimu wa fizikia anapoweka mezani rilei, betri, swichi na balbu, akawaambia wanafunzi: balbu hii ndiyo stata, nizuieni nisiiwashe. Darasa litajadili mkondo, ukinzani, fyuzi na usalama kwa bidii ambayo mchoro wa ubaoni hauwezi kuiamsha. Na Kabete, hatua chache kutoka Mountain View, kipo chuo ambacho kimefunza ufundi tangu miaka ya 1920. Ziara ya siku moja huko ingewaonyesha wanafunzi kwamba fundi na msomi si watu wawili.

Huenda mwingine akahofu kwamba kufunza jinsi ya kuzuia wizi ni kufunza wizi. Hofu hiyo haina mashiko. Mwizi amekwisha kujifunza bila mwalimu. Asiyejua ni mwenye mali. Mwanafunzi atakayerudi nyumbani likizo hii na kumsaidia mzazi wake kuilinda pikapu inayomlipia karo atakuwa ameufanya mtihani ambao hakuna baraza linaloutunga, na atakuwa ameufaulu.