Gari la Haibridi Likifa Betri: Namna ya Kuliweka Nyutro



Magari yatumiayo petroli pamoja na umeme, yaani haibridi, kama Toyota Prius na Aqua, huletwa nchini yakiwa yametumika Japani. Yafaa viongozi wa vyama vya msingi wayafahamu.

Tuchukue mfano. Ni msimu wa pamba huko Ipililo, mkoani Simiyu. Gari la namna hiyo limesimama mlangoni pa ghala la chama, betri imekufa, na lori linangoja kupakia. Vijana wanasukuma, lakini gari halisogei. Nguvu zao hazikupungua. Gari ndilo limejifunga.

Sababu ni hii. Gari hilo lina betri mbili. Ile kubwa, yenye volti zaidi ya 100, huzungusha mota na ndiyo iwashayo injini. Ile ndogo, ya volti 12, huamsha kompyuta na swichi zote. Katika Prius, mkono wa gia hupeleka amri ya umeme tu. Betri ndogo ikifa, amri haifiki, na kufuli la maegesho, lenye herufi P, hubaki limefunga.

Kabla ya yote, kaza breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe, maana gari lisilo na umeme breki zake hupungua nguvu. Kisha ufuate aina ya gari.

Kwanza, Aqua. Katika magari mengi ya aina hii, mkono wa gia ni wa kawaida. Bonyeza kitufe cha kufungulia gia kilicho karibu nao, kwa bisibisi ikibidi, uvute mkono hadi N.

Pili, Prius. Hapana budi kubusti betri ndogo. Fungua boneti, utafute ndani ya kisanduku cha fyuzi ncha yenye kifuniko chekundu. Unga waya mwekundu hapo, na mwisho wake wa pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, kisha kwenye chuma kitupu cha injini ya Prius. Kanyaga breki na ubonyeze swichi ya kuwashia. Neno READY likiwaka, liendeshe uliondoe. Lisipowaka lakini dashibodi ikawaka, kanyaga breki, ushike mkono wa gia kwenye N kwa kitambo. Usizime, kwani likizimwa hurudi P lenyewe.

Angalieni sana: malori mengi ya pamba ni ya volti 24. Kubusti kwa lori hilo huweza kuunguza kompyuta za gari. Betri ya pikipiki ya volti 12 iliyojaa huweza kutosha, kwani kazi yake ni kuamsha kompyuta tu.

Kulisukuma hatua chache likiwa nyutro si vibaya. Kulivuta safari ndefu magurudumu ya mbele yakizunguka ni hatari, kwa kuwa mota huzalisha umeme na huweza kuungua; yainuliwe juu ya gari la kuvutia. Wala mtu asiguse nyaya za rangi ya machungwa, kwani umeme wake huua.

Kila chama kiweke ghalani waya za kubusti, na katibu ajue mahali zilipo. Gharama yake ni ndogo kuliko siku nzima ya wakulima kungoja penye mizani.