Tayarisha Tela Yako Kabla ya Masika

Wakazi wa Changamwe wenye tela ndogo za kulala safarini au kuuzia chakula wanashauriwa kuzitayarisha kabla ya masika, ambayo huanza Machi na kuzidi Mei. Katika nchi za baridi hofu ni maji kuganda mabombani. Pwani, adui ni unyevu na chumvi.

Osha tela kwa maji yasiyo ya chumvi. Paka grisi sehemu inayoshikana na gari: ikiliwa na kutu, tela inaweza kuchomoka barabarani. Egesha palipoinuka, mbali na mtaro. Toa magodoro, acha matundu ya hewa wazi, funga mtungi wa gesi.

Usilale ndani na jiko la makaa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.