Achana na Bichi, Mpeleke Lushoto!

Kila wikiendi bichi, muziki juu, simu mkononi, halafu tunalalamika hatuelewani! Mimi nasema mpeleke Lushoto, Milima ya Usambara. Ukiacha barabara kuu pale Mombo, unapanda kona kwa kona hadi Soni, penye maporomoko ya maji. Kutoka Lushoto mjini nendeni Irente kwa miguu (gari liacheni, tafadhali). Ni zaidi ya saa moja, na humo njiani ndipo maneno yaliyokwama hutoka. Ukingoni mlima unakatika ghafla, tambarare iko chini kabisa. Mimi mwenyewe niliishiwa usemi. Mkirudi, pitieni shamba la Irente mle mkate na jibini. Msitu wa Magamba, wenye mbega, uwekeni Jumapili. Juni na Julai baridi ni kali: bebeni sweta mbili, msije mkagombania moja.