Mrashi Ndani ya Injini



Aujuaye mrashi wa harusini haitamwia taabu kuijua injekta ya gari. Mrashi ukiwa safi, marashi hutawanyika yakamfikia kila aliyeketi. Matundu yakiziba, hudondoka matone mazito juu ya kanzu ya mtu mmoja. Injekta nayo kazi yake ni hiyo: huyageuza mafuta kuwa ukungu, yapate kuchanganyika na hewa na kuungua sawasawa. Kompyuta ya gari hupeleka umeme, tundu likafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha likafungika. Katika magari mengi ya dizeli ya siku hizi, mafuta husukumwa kwa mgandamizo unaopita ule wa hewa tuivutayo zaidi ya mara 1,000.

Chombo laini namna hii hudhuriwa na vitu vidogo. Vumbi linalopenya chujio hukikwaruza, na maji hukitia kutu. Lakini balaa kubwa ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayovilainisha vyuma vya pampu na injekta, na mafuta ya taa hayana utelezi huo. Vyuma husagana vikalika. Uovu huu ulienea hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida.

Nasi hatusemi haya kwa kusikia. Gari la madrasa yetu tulilitia dizeli ya madumu ya kando ya njia, kwa kutaka unafuu. Baada ya wiki chache likawa linatetemeka na kutoa moshi mweusi, na asubuhi moja likazimika barabarani, watoto wakiwa ndani, malori yakipita ubavuni. Alhamdulillahi, hawakudhurika. Gharama ya injekta mpya ilimeza karo ya muhula mzima. Rahisi huvunja upishi.

Basi, mama na baba wenye gari, nunueni mafuta kwenye kituo mnachokijua na mchukue risiti. Badilisheni chujio kwa wakati wake. Gari likitetemeka, likiwaka kwa shida au likinywa mafuta kuliko kawaida yake, lipelekeni kwa fundi mapema azisafishe injekta na kuzipima.

Na muuzaji naye akumbuke kuwa kipimo ni amana. Achanganyaye mafuta hajui ni watoto wa nani watakaopakiwa.

Wabillahi tawfiq.