Usingoje Tumbo Lionekane

Wapo akina mama, wa Same mjini na wa milimani Chome au Mbaga, wangojao tumbo lionekane ndipo waende kliniki. Wakati huo kazi kubwa imekwisha kufanyika. Kufikia juma la 6 tangu hedhi ya mwisho, moyo wa mtoto huanza kupiga. Kufikia la 12, viungo vyake muhimu vimekwisha kuumbika, naye ana sentimita 5 tu.

Kichefuchefu, uchovu, matiti kuuma na kukojoa mara kwa mara ni mambo ya kawaida. Ukitokwa na damu, wahi hospitali.

Mama, nenda kliniki mapema upate vidonge vya kuongeza damu, na ulale ndani ya chandarua. Nawe baba, mzigo wa kuni katika miteremko ile ubebe wewe.