SOMO LA UFUNDI: CHECHE NA WAKATI WAKE KATIKA LAND ROVER YA ZAMANI

Wewe unayelisoma somo hili katika karatasi, soma polepole. Ukikuta neno usilolijua, weka kidole hapo, umwulize mwenzako.

Leo tutazungumza habari za Land Rover ya zamani yenye injini ya petroli ya lita 2 na robo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, nchini Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Injini tunayoisema ilianza mwaka 1958, ikaendelea kutiwa katika magari mapya hadi miaka ya 1980. Hapa kwetu Afrika Mashariki magari hayo yamebeba wagonjwa, walimu na mbegu, na baadhi yake yanatembea hata leo.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Gari linapanda mlima, na nyuma amelala mama mgonjwa. Katikati ya mlima nguvu zinakwisha, na maji yanachemka. Mwenye gari anaambiwa, "Kabureta imekufa." Ananunua kabureta, gari halikupona. Anaambiwa, "Basi ni pampu." Anauza mbuzi wawili, ananunua pampu, gari halikupona. Kumbe ubovu ulikuwa katika nafasi moja nyembamba ndani ya distribyuta, nayo hurekebishwa kwa bisibisi.

Kwa hiyo shika jambo hili moja: pima kwanza, ndipo ununue. Na katika kupima, anza na platini kabla hujaigusa taimingi.

TAIMINGI NI NINI?

Injini hii ina silinda 4, na ndani ya kila silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Ikipanda, hushindilia hewa na petroli. Kisha cheche huruka kwenye plagi, petroli huwaka, na moto huisukuma pistoni chini. Wakati wa kuruka kwa cheche ndio mafundi huuita taimingi.

Petroli haiwaki yote mara moja. Kwa hiyo, injini ikienda mbio, cheche lazima iruke mapema kidogo, kabla pistoni haijafika juu kabisa. Fikiri unamsukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma mapema mno, anakuja kukugonga mikono. Ukichelewa, unasukuma upepo. Injini nayo ni hivyo hivyo. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huhitaji cheche 100 kwa kila sekunde, na kila moja kwa wakati wake.

Anayegawa cheche hizo ni distribyuta. Ndani yake mna platini, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili hutoa cheche. Cheche hupelekwa kwa zamu: silinda ya 1, ya 3, ya 4, kisha ya 2. Silinda ya 1 ni ile ya mbele, karibu na rejeta.

DALILI ZAKE

Cheche ikiwahi mno, utasikia injini ikigonga unapopanda mlima, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Usiipuuze sauti hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: kugonga kwa siku nyingi huweza kutoboa pistoni. Tena ukiwasha kwa hendeli, hendeli huweza kurudi nyuma kwa nguvu na kuuvunja mkono. Kwa hiyo ukishika hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, nawe uivute kuja juu. Usiisukume chini.

Cheche ikichelewa, injini haigongi, lakini ni nzito. Gari halina nguvu, linakunywa petroli nyingi, na injini inapata moto kupita kiasi. Pengine mlio kama wa bunduki husikika katika bomba la moshi.

KUTAFUTA UBOVU

Kwanza, zima swichi na ufungue kifuniko cha distribyuta. Kitazame kama kina ufa au unyevu. Tazama platini. Zikiwa zimeungua na kuwa na mashimo, badili.

Pili, pima nafasi. Zungusha injini polepole mpaka platini ziwe zimeachana kabisa. Nafasi iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Hapa ndipo wengi hukosea. Kile kipande kinachosukumwa na ekseli ya distribyuta huchakaa siku kwa siku. Kikichakaa, nafasi hupungua. Nafasi ikipungua, platini huchelewa kuachana, na cheche huchelewa. Nafasi ikizidi, cheche huwahi. Maana yake, kila ukigusa nafasi umegusa na taimingi. Mtu akiweka taimingi kwanza, kisha akarekebisha platini, kazi yake ya kwanza imepotea.

Tatu, jaribu rota. Izungushe kwa vidole kuelekea upande inakokwenda injini inapofanya kazi, kisha iachie. Inapasa irudi yenyewe. Chini yake mna vyuma viwili na springi, ambavyo huwahisha cheche injini inapokwenda mbio. Rota isiporudi, vyuma vimekwama au springi imekatika. Tazama pia ule mrija mwembamba utokao kwenye kabureta. Ukiwa na ufa, cheche haitawahishwa gari linapokwenda kwa mzigo mdogo, na petroli itapotea bure.

KUWEKA TAIMINGI

Gari liwe tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia haikuingizwa, na swichi imezimwa. Toa plagi zote. Ziba tundu la silinda ya 1 kwa kidole gumba, na mwenzako azungushe hendeli polepole. Upepo ukikisukuma kidole, pistoni inapanda. Sasa tazama alama. Katika injini za zamani zaidi alama ziko kwenye flaiwili, chini ya kifuniko kidogo. Katika zile za baadaye ziko kwenye puli ya mbele. Simamisha injini penye alama iliyotajwa katika kitabu cha gari lako, maana injini zote hazikuwekwa sawa. Rota lazima ielekee waya wa silinda ya 1.

Chukua taa ndogo ya volti 12. Unga waya wake mmoja kwenye skrubu ya distribyuta palipofungwa waya mwembamba wa koili, na wa pili kwenye chuma cha injini. Legeza boliti inayoikaza distribyuta, kisha fungua swichi. Geuza distribyuta kufuata mwendo wa rota mpaka taa izimike. Kisha irudishe polepole, kinyume cha mwendo wa rota, mpaka taa iwake. Simama papo hapo! Kaza boliti. Zungusha injini mara mbili: taa iwake alama ikifika mahali pake. Kisha zima swichi na utoe taa.

Mwisho, lipeleke gari mlimani. Vitabu vya zamani vinasema petroli ya siku zile, ambayo nyingi ilitiwa risasi. Katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara petroli hiyo iliachwa kufikia mwaka 2006. Kwa hiyo, likigonga, geuza distribyuta kidogo sana kufuata mwendo wa rota, ujaribu tena. Ikiwa cheche iko sawa na gari bado halina nguvu, sasa waweza kuifungua kabureta kwa haki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini cheche huruka kabla pistoni haijafika juu?
2. Nafasi ya platini ikipungua, cheche huwahi au huchelewa?
3. Gari linagonga mlimani. Utapima nini kwanza, na kwa nini?
4. Mwonyeshe mwenzako namna ya kushika hendeli bila kuumia.